Vidanji ya moteri: kunyonya mafuta kwa juu ao kuyamwanga kwa chini?

Katika ziara zetu za miezi hii swali moja limerudi mara nyingi, kuliko hata swali la mbolea. Katika miji kunauzwa pompi ndogo za kunyonya mafuta ya moteri. Unaingiza tiyo pale joje inaingia (joje ni kile kijiti cha kupimia mafuta), unavuta, mafuta ya zamani yanapanda, kazi imekwisha. Hakuna kulala chini ya mashine, hakuna kufungua bushoni. Wasimamizi wa mashine wanatuuliza: tununue ao tuache?

Jibu letu ni kwamba inategemea moteri gani. Kuko moteri ambayo pompi hiyo inaweza kuiokoa, na kuko ingine ambayo itaificha ugonjwa mpaka ife. Kwa hiyo tumeona vizuri kuchukua ukurasa wote kwa jambo hili. Moteri ya kusaga, motopompe ya shamba la mpunga, gurupe ya ofisi, moteri ya kumenya kahawa: hivi njo vitu vya bei kubwa kuliko vyote ambavyo koperative nyingi ziko navyo, na mafuta ya moteri ni sehemu ndogo sana ya bei hiyo.

Sababu gani mafuta yanabadilishwa

Mafuta ndani ya moteri yanafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Yanalainisha vyuma visikwaruzane. Yanachukua joto. Tena yanabeba uchafu: masizi ya mazutu yaliyoungua, unga mwembamba wa chuma, vumbi lililopita kwenye filtri ya hewa, pengine na maji. Kadiri siku zinapita, mafuta yanachoka na uchafu unaongezeka. Kuongeza mafuta mapya juu ya yale ya zamani si vidanji. Ni kama kuongeza maji safi katika basani ambalo watu kumi wameshanawia mikono.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: moteri nyingi ndogo za esansi hazina filtri ya mafuta hata kidogo. Honda GX160, ambayo wengi wenu mnaijua juu ya motopompe na mashine za kupukusa mahindi (na zile moteri zingine nyingi zilizotengenezwa kwa mfano wake), haina filtri ya mafuta. Ndani yake kuko kijiko kidogo kinachopiga mafuta na kuyarusha juu ya vyuma. Hapo uchafu wote unabaki ndani ya karteri mpaka mtu autoe kwa mkono wake. Moteri ya gari inaweza kusamehe kuchelewa kidogo kwa sababu iko na filtri. Ile ndogo haisamehe.

Kijitabu cha GX160 kinasema hivi: vidanji ya kwanza baada ya mwezi 1 ao saa 20 za kazi, kisha kila miezi 6 ao kila saa 100, kile kinachofika mbele. Piga hesabu ya koperative yenu. Mashine inayotumika saa 6 kwa siku, siku 6 kwa juma, inafanya saa 36. Saa 100 zinafika kabla ya majuma 3 kwisha. Ni koperative ngapi zinafanya vidanji kila majuma 3 wakati wa mavuno? Tumeona fasi ambako watu wanahesabu kwa msimu: vidanji moja kwa mavuno, basi. Kwa moteri za mazutu saa zinatofautiana. Fuateni kijitabu cha moteri yenu wenyewe, na kama kijitabu kilipotea, muombeni muuzaji awape kopi kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kwa nini watu wanaahirisha

Hapa njo tunafika kwenye moyo wa jambo. Watu hawaahirishi vidanji kwa uvivu tu. Wanaahirisha sababu kazi yenyewe ni ngumu pale mashine iko.

Angalieni nyumba za kusaga za kwetu. Moteri ya mazutu ya silinda moja, ile ya kulala yenye tangi la maji juu, imefungwa na bulo juu ya sementi. Wakati wa kuiweka, fundi alifikiri juu ya mukaba na pulii, hakufikiri juu ya bushoni ya chini. Sasa kati ya bushoni na sementi kuko nafasi ya vidole viwili. Basani haiingii. Kle haipati fasi ya kuzunguka. Mafuta yakitoka, yanatoka juu ya sementi, yanapita mpaka pale magunia ya unga yanalala. Nani atapenda kuanza kazi kama hiyo saa 12 jioni, wakati wamama wamengoja unga wao tangu saa 8?

Kisha kuko bushoni yenyewe. Inakazwa na mtu mwenye nguvu ambaye anaogopa isivuje, halafu mwingine anakuja kuifungua na kle isiyoenea, kichwa cha bushoni kinakuwa mviringo kama yai. Ao file zinakufa, maana yake ile mizunguko ya kukazia. Kwenye moteri ndogo za esansi karteri ni ya aluminiumu, na bushoni ni ya chuma. Chuma kikikazwa kupita kiasi, aluminiumu njo inashindwa. Siku hiyo unasikia bushoni inazunguka, inazunguka, haikazi tena.

Tumeona namna watu wanajaribu kuponya hilo: kipande cha mupira wa baiskeli, uzi, sabuni, gundi. Katika koperative moja tuliyoitembelea, mupira huo ulishika siku chache. Kisha bushoni ikaanguka wakati mashine iko inazunguka, na kwa sababu kelele ilikuwa kubwa na sementi ilikuwa imeshakuwa nyeusi tangu zamani, hakuna aliyeona. Moteri ikakamata, pistoni ikashikana na silinda. Mabishano yaliyofuata hayakuwa juu ya bushoni. Yalikuwa juu ya nani atalipa: kijana wa mashine, fundi, ao sanduku la wote. Wanachama waliolima mbali walirudi kusaga kwa mtu binafsi, na wengine hawakurudi tena.

Kwa hiyo mtu akituambia pompi ya kunyonya ni mchezo wa watu wa mjini, hatukubali. Kama pompi itafanya vidanji ifanyike kila saa 100 badala ya mara moja kwa msimu, tayari imefanya kazi kubwa.

Kunyonya ni mambo ya zamani

Njia hii haikuanza jana. Watu wa maboti wanaijua tangu miaka mingi. Boti yenye moteri ya ndani, karteri inalala chini kabisa, karibu na mbao za tumbo la boti. Hata bushoni ikiwepo, huwezi kuweka basani chini yake, na mafuta yakimwangika yanaingia ndani ya maji yanayokaa chini ya boti na kisha ziwani. Basi wanavuta kwa juu. Hata kwenye magari imeingia: ile gari ndogo ya Smart ya kwanza ilitoka kiwandani bila bushoni ya chini, mafuta yake yananyonywa kwa juu.

Pompi ziko za namna nyingi. Kuko ile ya mkono yenye chupa kubwa: unapampu mara kadhaa, hewa inatoka ndani ya chupa, mafuta yanapanda yenyewe kujaza nafasi. Kuko ndogo ya umeme inayofungwa kwenye batri ya volti 12, ile ile ya moto ao ya solari. Na kuko serenge kubwa, yaani bomba la sindano bila sindano, lenye tiyo mbele.

Kwa moteri ndogo, sisi tunapenda ile serenge. Angalieni hesabu: GX160 inachukua karibu lita 0.6 ya mafuta. Serenge ya mililita 60, ile wanayotumia kwa mifugo, inavuta yote kwa mara 10. Haihitaji batri wala chupa ya pekee. Tiyo ya esansi ya moto, yenye ukuta mgumu, inafaa; tiyo laini ya serumu ya hospitali ni nyembamba sana, na mafuta ya moto yanaifanya ilegee na kujifunga. Serenge hiyo ikiingia kwa mafuta ya moteri haitarudi tena kwa ng'ombe wala kwa mbuzi. Iandikeni kwa rangi, iwekeni kwenye sanduku la mashine, si kwenye sanduku la dawa.

Kuko na mafundi wa baiskeli wanaojua kugeuza ngozi ya ndani ya pompi ya baiskeli, na ile klape pia, ili ivute badala ya kusukuma. Inawezekana, tumeiona ikifanya kazi. Lakini chupa ya kupokea lazima iwe ngumu. Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa itajikunja mara moja.

Na kinywa? Hapana. Tunaliandika kwa sababu tumeliona: kijana anaweka tiyo mdomoni, anavuta, anatema. Wengi wamejifunza hivyo kwa esansi na mazutu. Esansi ao mazutu ikipotea njia na kuingia mapafuni inaleta ugonjwa mbaya wa kifua, ambao unaweza kuua, na mtoto ao kijana anakufa kwa kiasi kidogo sana. Mafuta ya moteri ni mazito, hayapotei njia haraka kama esansi, lakini yale yaliyotumika yana masizi na vyuma ndani yake. Mtu aliyemeza ao aliyevuta mafuta haya asilazimishwe kutapika, maana kutapika njo kunayapeleka mapafuni. Apelekwe kwenye kituo cha afya.

Namna ya kufanya

Mwashe moteri izunguke dakika chache, 5 hivi zinatosha. Mafuta yenye vuguvugu ni mepesi, yanatoka haraka na yanabeba uchafu uliokuwa umeanza kulala chini. Msiiwashe ndani ya nyumba iliyofungwa: moshi wa moteri unaua bila harufu ya kutosha kukuonya. Zimeni, na kwa moteri ya esansi toeni waya ya buji ili isije ikawaka kwa bahati mbaya. Ngojeni kidogo. Mafuta ya vuguvugu, si ya kuunguza. Mafuta ya moteri iliyofanya kazi siku nzima yanachoma ngozi.

Hakikisheni moteri imesimama sawa, haikuinama. Pangusa kwanza pale joje inaingia, kwa kitambaa safi. Fasi ile mara nyingi imejaa vumbi la unga na udongo, na ukiingiza tiyo bila kupangusa, wewe mwenyewe unaingiza mchanga ndani ya moteri. Kisha tiyo inashuka mpaka inagusa chini. Hapa mkono lazima uelewe: tiyo ikijikunja na kupanda tena, itanyonya juu juu na kuacha nusu. Ikigusa chini, inua kidogo sana, vuta. Ikianza kuvuta hewa, usiseme imekwisha. Inamisha moteri kidogo upande wa tiyo, kama inawezekana, sogeza tiyo kushoto na kuume, vuta tena. Mara nyingi mafuta mengine yanatoka.

Wakati wa kujaza, msijaze kwa kufuata chupa. Hili ni kosa linalokuja pamoja na pompi. Kama kijitabu kinasema lita 0.6 na ndani kulibaki mililita 100, ukimwaga lita 0.6 nzima umepitisha kiasi. Mafuta yakizidi yanatoa povu, moteri inatoa moshi wa bluu, na mafuta yanapita kwenye filtri ya hewa. Jazeni kidogo kidogo na kupima kwa joje. Kwa GX160, joje inaingizwa bila kuikaza wakati wa kupima. Ukiikaza kwanza, itakuonyesha kwamba mafuta ni mengi kuliko yalivyo.

Kitu gani kinabaki chini

Wale wanaopinga pompi wanasema: uchafu mzito unalala chini, na pompi inauacha. Wale wanaoisifu wanasema: inatoa yote, hata zaidi ya bushoni. Wote wawili wako na kipande cha ukweli.

Uchafu mwingi wa mafuta ni mwembamba sana. Unaelea ndani ya mafuta, njo maana mafuta ya moteri ya mazutu yanakuwa meusi hata siku ya pili baada ya vidanji. Weusi peke yake si ugonjwa. Huo mwembamba unatoka kwa njia zote mbili. Lakini matope mazito, vipande vidogo vya chuma, na maji, vinakaa chini kabisa. Bushoni ikiwa chini kweli, vinatoka pamoja na mafuta. Bushoni ikiwa pembeni, juu kidogo ya sakafu ya karteri, hata nayo inaviacha. Kwa hiyo msiamini mtu anayesema njia moja ni bora kwa moteri zote.

Mnaweza kujua wenyewe kwa moteri yenu, na haiombi fundi. Siku moja, nyonyeni kwa pompi mpaka hakuna kinachotoka. Kisha fungueni bushoni ya chini, wekeni chombo safi, ngojeni dakika 10, na pimeni kilichotoka kwa serenge. Kama ni vijiko vichache, pompi yenu inatosha kwa siku za kawaida. Kama ni mililita 100 kwenye moteri ya lita 0.6, mmeacha sehemu moja kwa sita. Hapo tafuteni tiyo ingine ao mrudi kwenye bushoni. Jaribio hili linafanywa mara moja tu, na jibu lake linaandikwa kwenye kaye ya moteri.

Lakini kuko jambo ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko hesabu ya mililita. Bushoni ya chini ni kama kipimo cha daktari. Ukiifungua, unaona. Zile moteri za mazutu zenye tangi la maji juu ziko na mipira ya duara inayozuia maji yasishuke kutoka pembeni ya silinda mpaka kwenye karteri. Mipira hiyo inazeeka. Ikianza kupitisha, maji yanaingia kwenye mafuta kidogo kidogo, na moteri inaendelea kuzunguka kama hakuna kitu, mpaka zile shaba za mhimili zinaharibika.

Namna ya kuyakamata mapema: acheni moteri ilale usiku mzima bila kuwashwa. Asubuhi, kabla ya kuiwasha, legezeni bushoni ya chini polepole, bila kuitoa, na mpokee matone ya kwanza katika chupa ya kioo. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanakuwa chini, yanatoka kwanza. Ukiona maji ao mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa, mashine isiwashwe siku hiyo. Kama hamna hakika, tonesheni mafuta hayo juu ya kipande cha bati kilichopashwa moto: yenye maji yanalia na kuruka, yasiyo na maji yanatoa moshi tu. Bati, tumesema. Sufuria ya mama iachwe jikoni.

Mtu anayenyonya tu, mwaka mzima, akiwa amewasha moteri kwanza kama tulivyoeleza, maji hayo yamekwisha kuchanganyika na mafuta meusi. Ataona kitu cheusi kama siku zote.

Basi moteri gani, njia gani

Moto ya kubebea mizigo, Boxer, TVS na ndugu zao: fungueni bushoni. Iko wazi chini, basani inaingia, na ndani ya moteri kuko ambreyaji na meno ya vitesi ambavyo vinazuia tiyo kufika chini. Kununua pompi kwa ajili ya moto ni kutupa franga.

Motopompe na moteri ndogo za esansi: serenge ni nzuri, hasa kama bushoni imeshaanza kuchoka. Moteri hizi ni nyepesi, unaweza hata kufunga robine ya esansi, kutoa mafuta ya zamani kwa kuinamisha moteri upande wa tundu la kujazia, bila kununua kitu. Angalieni tu isiinamishwe upande wa filtri ya hewa. Kama file za bushoni zimekufa, pompi haiponyi kidonda, kwa sababu bushoni itaendelea kuvuja. Fundi mwenye vyombo anaweza kupanua tundu na kuweka bushoni kubwa zaidi, ao kuweka file mpya ya chuma ndani. Baada ya hapo bushoni isiguswe ovyo, na hapo serenge njo inakuwa rafiki.

Moteri kubwa ya kusaga iliyofungwa juu ya sementi: hapa tunasema zote mbili. Nyonyeni kwa vidanji za kawaida wakati wa mavuno, ili zifanyike kwa saa zake, jioni, bila kumwanga mafuta karibu na unga. Lakini angalau mara moja kila msimu, wakati kazi imepungua, mfungue bushoni, mtoe na kusafisha ile sito ya mafuta iliyo ndani, na muangalie kama kuko maji ao chuma. Pete ndogo ya shaba ya bushoni ibadilishwe kama imejibana sana. Na koperative inayojenga nyumba mpya ya mashine imwambie fundi kabla hajamwaga sementi: acha mfereji chini ya bushoni, basani iingie na mkono uingie. Ndoo chache za sementi zinapungua, hakuna kinachoongezeka.

Boti yenye moteri ya ndani: nyonyeni, hakuna njia ingine ya maana.

Motokilteri: bushoni ya moteri iko karibu, fungueni. Ila msisahau kwamba sanduku la vitesi liko na mafuta yake peke yake, na hayo ni mazito, pompi ndogo ya mkono inachoka nayo.

Mafuta ya zamani yanaenda wapi

Tungependa kuacha hapa, lakini mafuta yaliyonyonywa yako bado katika chupa, na mara nyingi njo pale uharibifu unaanza.

Bidoni ya manjano ya lita 5 iko nyumbani kwa kila mtu. Leo inabeba mawese, kesho mazutu, kesho kutwa maji. Mafuta ya moteri yakiingia humo mara moja, harufu na uchafu vinabaki hata ukiosha na majivu. Chagueni bidoni moja ya kazi hiyo, muipake rangi nyekundu, mutoboe mpini wake ao muufunge waya, ili hata mtu asiyesoma, hata mtoto anayetumwa usiku bila taa, mkono wake ujue kwamba hii si ya chakula. Ikae imefungwa, chini ya bati, mbali na magunia na mbali na njia ya maji ya mvua.

Kuko desturi ya kupaka mafuta haya kwa ng'ombe na nguruwe kufukuza kupe na upele. Kupe anakufa, ni kweli. Lakini mnyama anajilamba, ngozi yake inanywa, na nyama na maziwa vinaingia kwenye sahani yenu. Muulizeni mganga wa mifugo dawa. Mikono yetu pia: wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani wamepanga mafuta ya madini yasiyosafishwa vizuri miongoni mwa vitu vinavyoleta kansa ya ngozi, na mafuta yaliyotumika ndani ya moteri yanabeba vitu vya namna hiyo. Glavu ao hata mfuko wa plastiki mkononi, kisha sabuni na maji mara moja. Msinawe kwa esansi, inafungua ngozi na kuingiza uchafu zaidi.

Kumwanga shimoni ao mtaroni, hapana. Idara ya mazingira ya Marekani, EPA, inaandika kwamba mafuta ya vidanji moja yanaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji safi, yaani karibu lita milioni 4. Wale wanaoishi kwenye milima juu ya ziwa, ao kandokando ya mifereji ya mpunga ya bonde la Ruzizi, maji ya mtaro wa mashine yanajua kwenda kwa nani.

Waserimala na wenye misumeno ya moteri wanapaka mafuta haya kwenye nyororo. Wajenzi wanapaka mbao kabla ya kumwaga sementi, isishikane. Vyote viwili si safi kabisa, nyororo inarusha mafuta msituni, lakini ni afadhali kuliko mtaro. Fasi ambako garage ya mjini inapokea mafuta ya zamani, kamyo inayopeleka mazao yenu ikirudi sokoni inaweza kubeba bidoni nyekundu. Koperative tatu ao ine zikijiunga zinajaza pipa, na kwa pipa muuzaji anakuja mwenyewe.

Na kwenye kaye ya moteri, baada ya kila vidanji, mistari mitano: tarehe, saa za kazi tangu mara ya mwisho, mafuta kiasi gani yalitoka, kiasi gani yaliingia, na rangi yake. Anayefanya anatia sahihi, na mwanakamati mmoja anatia sahihi kando yake. Kama yaliyotoka yanapungua kila mara, moteri inakunywa mafuta ao inavuja. Kama yanaongezeka bila mtu kuongeza, ni mazutu ao maji yanaingia, na siku hiyo hiyo mashine inasimama mpaka fundi aone.